Wale Wanne Nao Wana Kisa Chao

Manga ya Negi Haruba inayojulikana kwa jina la The Quintessential Quintuplets inaanzia siku ya harusi. Bwana harusi ni Fuutarou Uesugi, mtoto wa maskini mwenye akili nyingi darasani, aliyeajiriwa kuwafundisha masomo ya ziada dada watano waliozaliwa pamoja na kufanana kama punje za hindi moja. Bibi harusi ni mmoja wa hao watano. Yupi? Mwandishi anafunga mdomo. Kuanzia Agosti 2017 hadi Februari 2020, wiki baada ya wiki katika jarida la Weekly Shonen Magazine, sura 122 zilizojaza vitabu 14, wasomaji waliishi na swali hilo. Kila msomaji alikuwa na wake. Kuna waliomtaka Ichika, mkubwa wao, mwigizaji wa filamu. Kuna waliomtaka Nino mwenye ulimi mkali, au Miku mwenye hedifoni shingoni na mapenzi ya ajabu kwa majemadari wa kale wa Japani, au Itsuki asiyeshiba. Mwisho wa yote bibi harusi akawa Yotsuba, yule wa utepe wa kijani kichwani.

Machi 2021 ikatoka gemu ya kisa hichohicho, kazi ya kampuni ya MAGES, na mwaka uliofuata, filamu ya kumalizia anime ilipotoka, ikaja nyingine. Ndani ya gemu hizo unaweza kufika mwisho na Miku. Unaweza kufika mwisho na Nino, na Ichika, na Itsuki. Kila mmoja ana njia yake.

Kwa asiyezijua gemu za namna hii, nieleze kwa ufupi. Ni riwaya unayoisoma kwenye skrini. Mhusika amesimama mbele yako, nyuma yake kuna darasa au ufuko, sauti ni ya mwigizaji yuleyule uliyemzoea kwenye anime, na maneno yanapita chini ndani ya kisanduku. Kila baada ya muda kisa kinasimama na kukuuliza: utasema nini? Utakwenda wapi Jumapili hii? Utakaa na nani? Jibu lako linafungua njia moja na kuzifunga nyingine. Japani imetengeneza gemu hizi kutokana na anime nyingi zenye majina makubwa: Evangelion, Utena, Love Hina, Ouran, Toradora, Nisekoi, Date A Live. Nimecheza kadhaa kati ya hizo, mimi mwanamke mtu mzima, mwalimu wa fasihi, na nimechoka kusikia zikitukanwa na watu ambao hawajazigusa.

Maana maoni yaliyotawala juu yake yanajulikana. Mashabiki wa anime wenyewe ndio wa kwanza kuzidharau: wanasema ni makombo ya biashara, kisa kimeisha na sasa wanakamua mifupa. Wapenda hadithi wanasema ni usaliti: mwandishi ameamua nani aolewe, iweje mchezaji aje kutengua? Na walio nje kabisa, pamoja na mwalimu mwenzangu tunayekaa naye meza moja ofisini, wanasema ni mashine za kuwafariji wanaume wapweke, zinazowafundisha kwamba mwanamke ni kufuli na maneno matamu ndiyo ufunguo.

Mimi naona kinyume chake. Hadithi ya mapenzi, ikiandikwa kwa namna ya kawaida, humtupa mkono yule asiyechaguliwa. Tunampa sura nzuri, tunampa kilio kimoja cha kuvutia, kisha tunampeleka pembeni ashangilie. Gemu hizi humrudia, humkalisha na kumsikiliza hadi mwisho. Na zinamtaka msomaji afanye jambo ambalo kitabu hakimtaki: abebe yeye mwenyewe uzito wa kumwacha mtu.

Nianze na shtaka la usaliti, maana ndilo linaloniuma zaidi.

Wanaosema gemu ya MAGES imemvunjia heshima Haruba wairudie sura ya mwisho ya manga. Siku ile ya harusi, Fuutarou anaingia chumbani na kuwakuta mabibi harusi watano. Dada wote wamevaa gauni jeupe, nywele zimetengenezwa namna moja, nyuso ni zilezile, na wanamtaka amtambue kila mmoja. Naye anawataja mmoja mmoja, kila mmoja akimpa neno lake. Aliyewavalisha wote watano gauni la harusi ni mwandishi mwenyewe, kwa mkono wake, katika sura ya mwisho ya kazi yake. Alijua kwamba wino aliomwandikia Yotsuba ndio aliowaandikia wenzake. Miku aliyekuwa hajui hata kupika, aliyekwenda kuomba kazi kwenye duka la mikate ili ajifunze kuoka, akaunguza na kuunguza tena mpaka mkate ukakubali, yule si mapambo ya njiani. Mwandishi alipomwacha, aliacha mtu mzima, mwenye maisha. Gemu ilichofanya ni kuufuata mkate ule hadi ulikokuwa ukienda.

Au tuchukue Evangelion, ambayo hakuna atakayethubutu kuiita kazi nyepesi. Anime ya Hideaki Anno ilioneshwa na TV Tokyo kuanzia Oktoba 1995 hadi Machi 1996, vipindi 26. Ni kisa cha Shinji, mtoto wa miaka 14 ambaye baba yake hamtaki kwa lolote ila kuendesha dude kubwa la vita, na kadiri vipindi vinavyosonga ndivyo mtoto anavyosambaratika. Katika kipindi cha mwisho kabisa, mambo yote yakiwa yameporomoka, ghafla asubuhi inaingia. Shinji yuko kitandani, Asuka, rubani mwenzake wa vitani, anamwamsha kwa kelele za mtoto wa jirani. Jikoni mama yake, ambaye sisi tunajua alikufa zamani, anaosha vyombo. Baba yake, yule baba, amejifunika gazeti mezani. Barabarani Rei, rubani mwingine, anakimbia na kipande cha mkate mdomoni kwa kuchelewa shule, na kwenye kona anagongana na Shinji, wote chini. Misato, mkubwa wao wa vitani, ni mwalimu wa darasa. Inachukua dakika chache tu. Halafu Shinji anatambua kwamba hata hili lingewezekana, kwamba yeye yuleyule angeweza kuwa ndani ya maisha haya, na kwa hiyo maisha yake ya majonzi si hukumu iliyoandikwa juu ya jiwe.

Mwaka 2003 ikatoka gemu iitwayo Girlfriend of Steel 2nd, na imejengwa juu ya asubuhi ile. Ni shule, ni majirani, ni Asuka na Rei, na ni wewe unayechagua. Wahakiki wakasema: tazama, msiba mkubwa umegeuzwa kuwa mapenzi ya shuleni. Lakini nani aliyeugeuza? Mlango ule ulifunguliwa ndani ya anime yenyewe, na mtu aliyeufungua, katika saa ambayo kisa chake kilimhitaji zaidi kusema kitu cha kweli, aliona kwamba cha kweli ni hiki: kuna njia zaidi ya moja. Gemu iliingia mlango uliokuwa wazi. Anayeilaani gemu na kukisifu kipindi cha 26 hajakisikiliza kipindi hicho.

Sisi watu wa pwani, kuliko wengine wote, hatukupaswa kudanganyika katika jambo hili. Tuna takhmisa. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir wa Pate alichukua shairi linalonasibishwa na Fumo Liyongo, ambaye wakati huo alikuwa amekwisha kufa kwa karne kadhaa, na kwa kila mishororo miwili ya Liyongo akaongeza mitatu yake. Kazi hiyo inaitwa Takhmisa ya Liyongo, nasi tunaihesabu miongoni mwa hazina za fasihi yetu. Hakuna aliyesema Sayyid amemtengua Liyongo. Mishororo ya mwenyewe imo mlemle, haikuguswa, na nyongeza inaishi kwa pumzi ya ile ya kwanza. Huwezi kuisoma takhmisa bila kumkuta aliyetangulia amesimama katikati ya kila ubeti. Ndivyo gemu nzuri ya anime inavyofanya kazi. Njia ya Miku haina maana kwa mtu asiyejua kwamba kule kwingine alikosa.

Isitoshe, waandishi wa manga wenyewe wamekwisha kulikubali jambo hili. Taishi Tsutsui, mwandishi wa We Never Learn, alipofika ukingoni mwa kisa chake katika Weekly Shonen Jump mwaka 2020, alimpa mhusika mkuu mchumba mmoja, kisha akarudi nyuma na kuandika njia ya pili, na ya tatu, na ya nne, na ya tano, zote kurasani, zote kwa mkono wake, na zote zikahesabika. Mtindo huo si wa mabwana wa riwaya. Ni wa gemu.

Shtaka la biashara sitalikalia sana. Ndiyo, ni biashara. Anime nayo ni biashara: nyingi hutengenezwa kwa fedha za kampuni kadhaa zilizokaa pamoja, nazo zinatarajia kuuza vitabu, muziki, na vinyago. Gundam imebebwa kwa miongo na mauzo ya vinyago vya plastiki vya kuunganisha, wala hakuna anayeiondoa katika orodha ya kazi kubwa kwa sababu hiyo. Na wanaodhani gemu huletwa na wageni wanaokuja kuvuna shamba la watu wajue kwamba Gainax, studio iliyoleta Evangelion, ilikuwa imetoa Princess Maker mwaka 1991, miaka minne kabla. Ni watu walewale, chini ya paa lilelile. Tena kuna anime ambazo sehemu ya kisa chake imo ndani ya gemu. Anayetaka kujua yaliyopita kati ya mfululizo wa Nadesico na filamu yake ya 1998 atayakuta katika gemu ya Sega Saturn iliyotoka mwaka huohuo, ambayo jina lake lenyewe linataja pengo la miaka 3 inayoliziba.

Sasa nije kwenye shtaka zito, lile la kufuli na ufunguo. Hili sitalipuuza, kwa sababu lingekuwa kweli lingetosha peke yake kunifunga mdomo.

Mama wa gemu hizi ni Tokimeki Memorial ya Konami, iliyotoka mwaka 1994. Haikutokana na anime, lakini nyingi zilizotokana na anime zimebeba damu yake. Unacheza kijana katika miaka mitatu ya sekondari. Kila wiki unapanga: masomo, michezo, sanaa, mapumziko. Ukijibana sana unaugua. Kwenye simu una rafiki, Yoshio, unayempigia kuuliza namba za wasichana na jinsi wanavyokuona. Na hapo ndipo utakapoiona siku moja, kando ya jina la msichana uliyemtoa matembezi mara mbili kisha ukamsahau kwa sababu moyo wako uko kwa mwingine: bomu dogo. Maana yake ameumia. Usipomrudia, bomu linalipuka, habari zinaenea shuleni kwamba wewe ni mtu wa kuchezea watu, na wasichana wote wanapoa kwa pamoja, hata yule uliyekuwa ukimtaka. Mwisho wa miaka mitatu, siku ya mahafali, unasubiri kama kuna atakayekuita chini ya mti mkubwa wa shule. Unaweza kwenda nyumbani bila kuitwa na yeyote, hasa mara ya kwanza.

Niambie, katika hilo, ufunguo uko wapi? Shiori Fujisaki, jirani wa utotoni ambaye ndiye uso wa gemu hiyo, hapatikani kwa maneno matamu. Anataka mtu aliyejijenga kila upande, mwilini na kichwani, na anataka uwe umewatendea watu wema. Gemu inahesabu jinsi ulivyomtendea hata yule usiyempenda. Filamu ngapi za mapenzi zinafanya hivyo?

Zinapotokana na anime jambo hili huzidi, kwa sababu hapo huchezi mtu asiye na sura. Unacheza mtu unayemjua. Katika Toradora wewe ni Ryuji Takasu, kijana mwenye macho ya jambazi na roho ya mama mwenye nyumba, anayeona raha kusugua vigae na kupika. Kisa kiliandikwa na mwanamke, Yuyuko Takemiya, katika vitabu 10 vilivyotoka kati ya 2006 na 2009, na gemu ya PSP ilitoka Aprili 2009, mwezi mmoja tu baada ya anime kumalizika. Mimi niliicheza kwenye PSP ya mtumba yenye mkwaruzo katikati ya kioo, kwa tafsiri ya Kiingereza ya mashabiki waliojitolea. Waandishi wa gemu walikuwa na tatizo: wangewezaje kuanzisha tena mapenzi ambayo watazamaji wote wamekwisha kuyaona yakifika kwa Taiga? Wakachagua kumfanya Ryuji apoteze kumbukumbu. Anazinduka hajui nani ni nani, na anaanza kujifunza upya watu waliomzunguka.

Nililifikiria sana chaguo hilo. Wangeweza kujifanya kwamba anime haikutokea. Badala yake walikiri kwamba kisa cha kwanza kipo, na kwamba ili mtu apende upya inabidi kwanza asahau, na kusahau ni jeraha. Unacheza huku unajua asichokijua yeye.

Nilimfuata Ami Kawashima. Kwenye anime Ami ni mwanamitindo, mwenye tabasamu la bandia kwa wageni na sumu kwa anaowajua, na ndiye anayetambua kabla ya wote nani anampenda nani, na nani anajidanganya. Anaona kila kitu, na hapati kitu. Wanaobaki kwenye kumbukumbu za watazamaji ni wasichana wenzake, Taiga na Minori. Katika gemu nilipata saa nyingi za kukaa na Ami, na nikagundua kwamba kila nilipochagua jibu la kumpendeza alirudi kwenye tabasamu la bandia. Alifunguka pale tu nilipomjibu kama mtu anayemwona. Nilipoelewa kwamba kuendelea naye maana yake ni kumwacha Taiga, ambaye nilikuwa nimemlilia mwezi mzima mbele ya televisheni, niliweka PSP chini nikaenda kufua. Nguo zilikauka kabla sijaishika tena. Kitabu hakijawahi kunifanyia hivyo. Kitabu kinaniambia nani ameachwa, nami nasikitika kidogo na kugeuza ukurasa. Hapa aliyeacha ni mimi.

Mwalimu mwenzangu alipodai kwamba gemu hizi zinamzoesha mtu kumdanganya mwanamke, nilimuuliza kama amewahi kumsikia Renge. Hakuwahi. Renge yumo ndani ya Ouran High School Host Club, manga ya Bisco Hatori iliyogeuzwa anime na studio ya Bones mwaka 2006. Ni binti anayeishi Ufaransa, mraibu wa gemu moja ya mapenzi ambayo jina lake limefinyangwa kutokana na Tokimeki Memorial, na anavuka bahari kuja Japani kwa sababu kijana mmoja wa shule ya Ouran, Kyoya, anafanana na mhusika anayemwabudu. Anamkabidhi Kyoya tabia zote za yule wa kwenye skrini. Kisha, hatua kwa hatua, anafundishwa kwamba huyu si yule, kwamba mtu hujulikana kidogo kidogo na raha yenyewe imo katika kujua huko. Wapinzani hupenda kukitaja kisa hiki kama ushahidi wa upande wao. Mwaka uliofuata, 2007, Ouran yenyewe ikawa gemu ya PS2. Mimi sioni mgongano wowote. Somo alilolipata Renge ndilo gemu nzuri inalomdai mchezaji: mwache mtu awe alivyo, ndipo umjibu. Anayeijibu gemu kwa mazoea ya gemu nyingine hufika mwisho mbaya.

Na tuliache hili la kudhani wachezaji wote ni wanaume. Angelique ya kampuni ya Koei, gemu ambamo binti ndiye anayechagua kati ya wanaume, ilitoka mwaka 1994, mwaka uleule wa Tokimeki Memorial, na ilitengenezwa na Ruby Party, kundi la wanawake lililoanzishwa kwa juhudi za Keiko Erikawa ndani ya kampuni hiyo. Tangu hapo kumejengwa tasnia nzima ya gemu za namna hiyo, zinazoitwa otome, kwa wateja ambao wengi wao ni wanawake. Mwanamke akisoma riwaya ya mapenzi kitandani hakuna anayemwita mgonjwa. Akiisoma kwenye skrini yenye vitufe, anaitiwa daktari.

Limebaki la upweke, na hapa hata watu wenye akili zao husema mambo bila kuyapima. Wanasema Wajapani hawazai kwa sababu vijana wao wameoa picha. Tuzitazame tarakimu. Wastani wa watoto kwa mwanamke Japani ulishuka chini ya 2.1, kiwango kinachotosha kuzuia idadi ya watu isipungue, mwaka 1974, wakati ambapo hakukuwa na kompyuta nyumbani, sembuse gemu ya mapenzi. Mshtuko mkubwa wa taifa ulikuwa wa mwaka 1989, wastani ulipofika 1.57, miaka mitano kabla ya Tokimeki Memorial. Ulifika 1.26 mwaka 2005, kisha ukapanda hadi 1.45 mwaka 2015, yaani ulipanda katika muongo uleule ambao gemu za PSP za anime zilijaa madukani. Nchini Korea Kusini, ambako gemu hizi hazikuzaliwa, wastani wa mwaka 2023 ni 0.72. Saa nyingi za kazi, bei ya nyumba, gharama ya kusomesha, mzigo wa nyumbani anaoachiwa mama peke yake: hayo ndiyo ya kujadiliwa. Kumbebesha Miku na mkate wake mzigo huo ni kukwepa mazungumzo.

Watanitajia yule kijana wa Tokyo aliyefanya sherehe ya ndoa na mhusika wa gemu ya LovePlus mwaka 2009. Namkumbuka. Lakini LovePlus ya Konami haikutokana na anime yoyote, na sifa yake kuu ni kwamba haina mwisho: saa yake inakwenda na saa ya ukutani kwako, na mpenzi wa ndani yake haondoki kamwe. Ninazozitetea ni kinyume chake. Zina mahafali. Zina siku ya mwisho ya likizo. Maandishi ya majina ya waliotengeneza yanapita, muziki unaisha, unarudishwa kwenye ukurasa wa kwanza na wale uliowaacha wapo palepale wakikutazama.

Sisemi kwamba zote ni nzuri. Kuna zilizotengenezwa haraka haraka ili ziwahi msimu wa anime, picha mbili tatu zikirudiwa kwa saa nane, njia ambazo zinaishia pale unapobofya jina. Hizo zina kasoro zilezile za riwaya mbovu, nazo zihukumiwe moja moja kama tunavyohukumu riwaya. Na kuna tawi la watu wazima lenye picha za uchi. Hilo silitetei, tena linanikera kuona likivishwa sura za wahusika wa shule. Lakini mtu akinishikia kitabu kichafu cha mitaani na kusema ndiyo fasihi ya Kiswahili hii, nitamwonyesha mlango.

Gemu mbili za dada watano zilipotoka kwa Kiingereza mwaka 2024, binti wa kaka yangu, anayesoma chuo na kulala kwangu wakati wa likizo, alizicheza kwenye kompyuta yangu. Yeye ni wa Yotsuba tangu mwanzo, na alikuwa ameapa kutowagusa wengine. Siku ya tatu nikamkuta asubuhi mezani, macho mekundu, chai imepoa.

"Shangazi, nimemaliza ya Miku."

"Pole. Na Yotsuba je?"

"Nimemwacha. Hakusema neno, Shangazi. Alicheka tu, akaendelea na mambo yake." Akanyamaza kidogo. "Si ndivyo Miku alivyofanya kwenye manga? Mimi wala sikumtazama siku ile. Nilikuwa nafurahia yangu."

Nikamwambia anywe chai. Hakunywa. Aliniomba kitabu cha 14, akakifungua kwa nyuma, pale ambapo wote watano wamevaa gauni, na akaanza kuzitazama nyuso moja moja, kidole chini ya kila picha.